Mwandishi Wenu Aliyeoa Kwanza Ndipo Akauliza Jina

Ndugu Mhariri wa Gazeti,

Salamu zitangulie, maneno yafuate. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana mazungumzo yao. Natumaini nawe u mzima na umeshakula, maana barua hii haifai kusomwa na mtu mwenye njaa.

Nijieleze kwanza, kwa sababu mgeni asiyejitambulisha hufunguliwa mbwa. Mimi ni bibi. Nina wajukuu kumi na mmoja na wote nimewapiga mgongoni mpaka wakacheua. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Waliokuwa ndani wakiimba a, e, i, o, u, nami nilikuwa naitikia huko barabarani, kwa hiyo hizo tano nilizijua mapema. Herufi nyingine ndizo zilizochelewa kunifikia, zimechelewa miaka sitini. Mwaka huu nimezifuata mwenyewe. Kuna darasa la watu wazima kila Jumamosi asubuhi, chumba cha nyuma cha zahanati, tuko tisa na viti saba. Mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini akishika chaki nanyamaza kama nimemwagiwa maji.

Mwalimu alituambia kila mmoja atafute kitu cha kusoma nyumbani. Mke wa fundi viatu alichagua karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, na tangu hapo haogopi ugonjwa, anaogopa vidonge. Mimi nilichagua gazeti lako. Nalipata kila Jumamosi kwa mwenye duka wa kona nikienda kununua sabuni ya kufulia. Yeye alinunua rundo la magazeti kwa watu waliokuwa wanahama, rundo lilikuwa linamfika kifuani, sasa limeshuka magotini. Huchukua la juu, hufungia sabuni yangu, nami nikifika nyumbani naipa sabuni kazi yake na gazeti kazi yake. Nimemwambia anifungie kwa ukurasa wa nyuma tu, wa gazeti la Jumamosi, wenye kona ya yule mwandishi wenu anayejiita Mtu wa Jumamosi. Gazeti lako linanukia vizuri. Hilo nalisifu kabla sijaanza kukusema.

Huyu Mtu wa Jumamosi, kama unavyojua wewe bosi wake, haandiki habari za wakubwa. Anaandika Jumamosi yake tu: ameamka, amepika, amefungua saa mbovu na bisibisi, paka amefanya nini, nani amepita. Mwanzoni nilisema, mtu mzima anawezaje kulipwa kwa kusema amekunywa chai? Lakini nikanogewa. Nimesoma Jumamosi zake sita kwa Jumamosi zangu sita, neno kwa neno, kidole kikitangulia. Na nilichokiona humo, mwanangu Mhariri, ndicho kimenishikisha kalamu.

Ningenyamaza kama maovu yake yangebaki gazetini. Hayakubaki. Yameingia nyumbani kwangu. Kwa sababu yake nimesimamisha harusi ya mjukuu wangu msusi, niliyemlea mwenyewe tangu hana jino, harusi iliyokuwa ifungwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Kwa sababu yake pia natembea mjini nikiwa nimesukwa nusu kichwa. Nitafika huko. Kwanza malalamiko, nayapanga kwa namba kama mwalimu alivyotufundisha.

KWANZA. Mtu huyu hakai nyumba moja. Juu ya kila habari yake anaandika anapokaa, kwa namba na vimistari vilivyoegama, vilevile kama watu wa manispaa walivyotupaka rangi milangoni: nyumba, chumba, barabara. Mimi mlangoni kwangu ni 9/4/112, njoo siku yoyote. Sasa tazama yeye. Wiki ya kwanza alikuwa 27/6/2015. Nikasema sawa, nyumba ya ishirini na saba, chumba cha sita, barabara ni ndefu lakini miji imekua. Wiki ya pili yuko 8/11/2014. Ya tatu 1/2/2014, barabara ileile ila amekwenda nyumba ya kwanza kabisa, ya kona. Ya nne 12/1/2013. Ya tano 3/3/2012. Ya sita 21/5/2011. Kila akihama anashuka barabara, hapandi hata siku moja, kama mtu anayemkimbia mtu. Na nimechunguza kitu kingine: vyumba vyake havizidi kumi na viwili. Wenye nyumba wa huko wana utaratibu, mpangaji wenu ndiye hana. Mtu anayebeba mke, watoto, paka na saa ya ukutani kila Ijumaa ana jambo. Sisi wenye macho tunasema tu, hama hama huzaa maswali.

PILI. Hana mpangilio wa adabu. Wiki ya kwanza kabisa, hata hatujajuana, alianza kwa kuaga. Aliandika hivi, nainakili na makosa yakiwa ni yangu: "Kwaherini wasomaji, Jumamosi zangu sasa zina wenyewe wawili, na wote wawili wamejifunza kutembea leo." Nikadhani labda ndivyo magazeti yanavyosalimia. Nikampokea. Wiki iliyofuata akaja tena kana kwamba hakuna aliyeaga. Mtu akiniaga mlangoni nikamfungia chakula, kisha nikamkuta amekaa kiti kilekile, namuuliza amesahau nini. Huyu hakusema amesahau nini.

TATU, na hapa kaa chini. Wale wenyewe wawili ni mapacha, wa kike na wa kiume. Wiki ya kwanza wanatembea, wamening'inia kwenye ile saa ya ukutani mpaka mama yao akapiga kelele. Wiki ya pili wanatambaa. Nikasema haya, mtoto anaweza kurudi kutambaa akiugua, nimeona. Wiki ya tatu, hawapo. Hawatajwi. Kuna mke, ana tumbo kubwa, amekaa mlangoni miguu ndani ya beseni la maji, na baba mtu anaandika kwa furaha, "Hatujui humo ndani wamo wangapi." Hujui wamo wangapi tumboni, na wale wawili wa nje je, unajua wako wapi? Mimi nimelea. Mtoto wa kutambaa haachwi wiki nzima bila kutajwa. Nilisoma ule ukurasa mara nne, nikaugeuza, nikatazama hata upande wa matangazo ya magodoro. Mapacha hawamo.

NNE. Nne nimeisahau. Tuendelee, ikirudi nitaiweka.

TANO. Paka. Wiki ya pili alimzika paka chini ya mpera, akaweka na jiwe, akaandika kwamba nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nami nililia, sikufichi, nikalowesha sabuni. Wiki ya tatu yule paka amelala juu ya tumbo la mke wake, anakoroma. Wiki ya tano anakunywa maziwa kwenye kisosi. Wiki ya sita amekuwa kipaka cha kuingia kiganjani, ndiyo kwanza anaingia ndani kukimbia mvua, na mwenyewe anamuuliza, "Wewe umetoka wapi?" Ametoka kaburini, uliyemzika ni wewe. Nilimweleza mke wa fundi viatu darasani, akasema hizo ni nguvu za giza. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema nataka machozi yangu ya wiki ya pili yaelezwe yalikwenda wapi.

SITA. Wanawake. Hapa nitaandika kwa heshima kwa sababu najua una mama.

Mwezi mmoja huyu bwana ana mke, tumbo hilo na mapacha hao. Wiki ya nne namkuta ukumbini, amevaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi, anaoa. Anaoa nani? Anaoa mtu anayemwita dada wa betri, muuza betri wa dukani. Watu wanapiga vigelegele, mama yake mzazi yupo na anacheza, hakuna hata mmoja aliyesimama kusema, jamani, na yule wa kwenye beseni? Nilifunga gazeti nikaenda kufua kwa hasira, nguo za siku ile zimetakata mpaka leo.

Na haikuishia hapo. Wiki ya tano, amekwisha kumuoa, amekula naye pilau ya watu mia mbili, sasa ndipo anakwenda dukani kwake na kusimama dakika kumi mbele ya kaunta akitafuta namna ya kumuuliza jina. Jina. La mke wake. Anaandika kwamba aliogopa, kwamba alinunua betri mbili asizozihitaji ili apate sababu ya kusimama, na kwamba nyumbani kwenye droo sasa ana betri kumi na nne ilhali saa yake ni ya kutia ufunguo, haijawahi kula betri. Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume waliosahau mengi. Wamesahau siku, wamesahau ahadi, mmoja alisahau mtoto sokoni. Lakini aliyeoa kwanza ndipo akauliza jina sijamwona mpaka kwenye gazeti lako.

Wiki ya sita amebaki peke yake. Wali umeungua, sufuria imelowekwa tangu Alhamisi, anakula mkate mkavu akitazama dirishani. Hana mke wa beseni, hana wa betri, hana watoto. Na hashangai. Anaandika kana kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote. Nikasema, hapo ndipo ulipojipeleka, mwanangu, kaa hapo. Kisha nikamwonea huruma kidogo, nikajikemea.

SABA. Saa, na hili ndilo la mwisho kabla ya Nne. Wiki ya kwanza ile saa ya ukutani iko juu, inapiga, inasumbua majirani, inasifiwa. Wiki ya nne, harusini, ina mshale mmoja. Wiki ya tano iko mezani vipande vipande, springi yake imerukia kwenye sukari. Wiki ya sita iko kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji, na yeye amesimama mbele yake anaitazama. Saa nzima, mwanangu. Mikono yake imeitoa ukutani mpaka jalalani, na kila wiki anajisifu kwamba anatengeneza.

Sasa nieleze kwa nini saa hii imenichoma kuliko paka.

Mchumba wa mjukuu wangu ni fundi cherehani. Kijana mtulivu, mshono wake haufumuki, akinisalimia anainama mpaka tepu inamdondoka shingoni. Sikuwa na neno naye. Ila wikendi, badala ya kulala kama watu, anafungua saa. Ndiyo starehe yake. Kwangu ukutani kulikuwa na saa ya marehemu mume wangu, ilisimama siku tuliyohamia nyumba hii, mume wangu akasema iacheni ipumzike, imechoka kubebwa. Imepumzika miaka kumi na tisa. Fundi akaniomba. Akasema, "Bibi, nipe niitengeneze, siku ya harusi ipige, iwe ndiyo zawadi yangu kwako." Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili.

Kisha nikasoma wiki ya tano, vipande mezani. Nikavaa kanga nikaenda kwa fundi. Vipande mezani. Wiki iliyofuata nikasoma ile ya sita, lundo la chuma chakavu, mwanamume peke yake na sufuria iliyoungua. Sikungoja. Jumapili asubuhi nilikwenda na beseni, nikazoa saa yangu yote, vipande arobaini na tatu na skrubu, nikamwambia fundi kwamba njia anayopita nimeiona mwisho wake. Leo unafungua saa, kesho huwajui watoto wako, keshokutwa unamuuliza mjukuu wangu jina. Akaniambia kwa upole, "Bibi, mimi betri sinunui." Nikamjibu, ndiyo kwanza utaanza.

Mchana wa siku hiyohiyo mjukuu wangu alikuwa ananisuka. Nilimweleza nikiwa nimemkalia miguuni, kichwa mikononi mwake, jambo ambalo sasa naona halikuwa la busara. Akasema, "Bibi, unamhukumu mtu kwa gazeti la sabuni?" Nikasema gazeti ni gazeti. Akasema basi, akaweka kitana juu ya kigoda, akaondoka. Upande wa kulia umesukwa mistari sita mizuri. Upande wa kushoto uko kama Mungu alivyouacha. Hii ni wiki ya tatu. Nimefunga kitambaa darasani, sokoni, hata kulala, na kila Jumapili namsikiliza mlangoni. Hapiti. Watoto wa mtaani wamenipa jina, Bibi Nusu. Nimelipokea, nifanyeje.

Wengine wangesema nijisuke mwenyewe, hasira zangu nizimalize. Lakini mimi simkatazi kwa roho mbaya. Mtoto niliyemlambisha uji kwa kidole siwezi kumpeleka mahali nilipopasoma mwenyewe kwamba pana shimo. Nisingejua kusoma ningempeleka huku nacheza. Nimejua, nimeona, nimesema. Kama hiyo ndiyo faida ya kusoma, basi ni chungu, lakini nimeimeza.

NNE imerudi. Ni kipara. Wiki ya kwanza analalamika kwamba mapacha wanampiga makofi kwenye kipara. Wiki ya sita anachana nywele, anasema kitana kimevunjika kwa wingi wake. Kama kuna dawa, kwa nini haandiki jina lake? Nina mtoto wa kiume anahangaika.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu:

Mwite Mtu wa Jumamosi ofisini, mfungie mlango, umuulize taratibu kama mzazi. Usimpigie kelele, ameshaanza kula mkate mkavu.

Mke wa kwenye beseni atafutwe na aombwe radhi. Huyu wa betri naye aelezwe ukweli, ameuza betri kwa imani.

Mapacha waletwe kwangu. Nimeshatandika. Nimeshona na vigauni, yaani nilivishonesha kwa yule yule fundi kabla hatujakosana, cha kike kina mfuko na cha kiume kina mifuko miwili. Kama wanatembea au wanatambaa nitajua wakifika.

Paka aachwe alipo, awe yupo au hayupo, mimi simsogelei.

Kuanzia sasa mwandishi wenu asiruhusiwe kuwa na Jumamosi. Afanye kazi siku hiyo na kupumzika Jumanne, siku ambayo haijawahi kumpotosha mtu. Na gazeti lako liandike kwa herufi kubwa, nizisome bila miwani, kwamba mwanamume yeyote anayetaka kuwa na starehe ya mikono, saa, redio, njiwa, chochote, alete kwanza barua kutoka kwa bibi wa mkewe. Asiye na bibi aje kwangu. Nitakaa pale zahanati baada ya darasa, mwalimu aniachie meza na chaki, nitawapima mmoja mmoja. Wenye bisibisi wapange mstari wao.

Kama hamna mtu wa kuandika kona ile akishatolewa, mimi nipo. Nina Jumamosi zangu, na mimi sihami.

Nisalimie walio ofisini wote, anayepanga herufi, anayepiga mashine, anayefagia na anayechemsha chai, ambaye naamini humshukuru inavyotakiwa. Nisalimie mkeo, na kama unalijua jina lake, mtaje kwa jina. Nisalimie na mama yako, mwambie nimesema alikulea vizuri, ila kazi haijaisha.

Ni mimi mwenye uchungu na mapenzi,

Bibi wa mlango 9/4/112

NYONGEZA.

Mwanangu Mhariri, barua hii ilikuwa imeshafungwa kwa gundi ya uji, ikisubiri posta Jumatatu. Nimeifungua mwenyewe, ndiyo maana imechanika pembeni.

Jana darasani mwalimu aliandika namba ubaoni, na vimistari vilivyoegama, juu kabisa kwenye kona. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Mwalimu, hiyo nyumba iko barabara gani?" Mwalimu akasema, "Bibi, hii siyo nyumba, hii ni leo." Akatufundisha. Ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi, ndiyo sababu haizidi kumi na mbili, na ya mwisho ni mwaka. Mke wa fundi viatu alicheka mpaka akahitaji kidonge, akakataa kukimeza.

Sikuaga. Nilikwenda dukani moja kwa moja nikamuuliza mwenye duka, "Magazeti haya, lililo chini na lililo juu, lipi lilitangulia kuzaliwa?" Akasema, "Bibi, la chini ndilo la zamani, kila ulipokuja ulichukua la juu." Amelijua siku zote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua kama nasoma, alidhani napenda ile harufu.

Nyumbani nilitandika mkeka, nikapanga kurasa zote sita upya, wa mwisho ukawa wa kwanza, na mchana kutwa nikasoma mbele.

Mwanangu, kumbe alikuwa peke yake, ameunguza wali, na nje mvua inanyesha. Paka akaingia. Akaokota saa jalalani kwa sababu ilifanana naye. Akaenda dukani kutafuta betri isiyohitajika, akakutana na binti, akanunua kumi na nne kabla ya kumuuliza jina, na akamuuliza. Akamuoa na suti ya kuazima na saa yenye mshale mmoja. Yeye wa betri ndiye wa kwenye beseni, ni mtu mmoja, nimwombe radhi mara mbili. Wakazaliwa wawili. Paka akafa kama paka, nimemlilia tena, safari hii machozi yamekwenda mahali pake. Watoto wakatambaa, wakatembea, wakakishika kipara kilichoota kwa kuchelewa kulala. Saa ikapiga. Na akaaga, kwa sababu Jumamosi zake zilipata wenyewe. Kwa hiyo kwako hayupo, ameondoka miaka mingi, nami nimekuandikia umfukuze mtu aliyekwisha kwenda nyumbani.

Basi futa yote. Ningeirarua barua lakini imenichukua Jumamosi tatu kuiandika na herufi zangu bado nazionea uchungu. Isome hivyohivyo, ila anzia chini upande juu, kama nilivyomsoma mimi, utaona nimeanza kwa kuomba radhi na kumaliza kwa salamu. Ukijua anapokaa Mtu wa Jumamosi, mpelekee. Mwambie kuna bibi mmoja amejifunza kusoma kwa Jumamosi zake na amemchukia bure kwa wiki sita. Vile vigauni viwili nimewaza nimpelekee, halafu nikahesabu kwa vidole. Wale mapacha sasa wananizidi kimo. Nimeviweka. Katika nyumba hii vitapata mtu.

Kwa maana leo Jumapili nimerudisha beseni kwa fundi. Nilikwenda nalo kichwani, nikaweka mlangoni pake, nikasema mimi ndiye niliyekosea njia, siyo yeye. Hakuninunia, aliniinamia, tepu ikadondoka. Alikuwa na nta, tochi na kibano tayari mezani, kumbe kila Jumapili alikuwa anakaa pale mbele ya meza tupu. Mjukuu wangu naye alikuwepo, amesimama kwenye mlango wa nyuma na kikombe cha chai. Alimaliza chai yake, polepole, ili nijue. Kisha akavuta kigoda, akaniambia, "Kaa hapa, Bibi Nusu."

Ninaandika haya kichwa kikivutwa, samahani mistari imepinda. Upande wa kushoto umefika mstari wa tano. Harusi ni Jumamosi ileile, njoo na mkeo, mlango unaujua na sasa najua kuwa huo kweli ni mlango. Fundi amekwisha kukusanya vipande arobaini na tatu, imebaki skrubu moja ambayo anasema haina kazi. Nimeifunga kwenye pindo la kanga, mimi sijawahi kuona kitu kisicho na kazi.

Saa imepiga sasa hivi. Imepiga kumi na moja na hapa ni saa tisa na nusu, lakini imepiga, na fundi ameniahidi kuirudisha nyuma kidogo. Nimemwambia aiache. Ikitangulia haina neno, sisi tutaifuata.